Bingwa Hasafiri Peke Yake



Mwaka 1969, ndani ya studio moja mjini Miami, mabingwa wawili wa uzito wa juu ambao hawakuwa wamewahi kupigwa na mtu walipanda ulingoni mbele ya kamera. Rocky Marciano alikuwa ameacha ngumi tangu 1956. Alikuwa na miaka 45, amejikondesha kwa takribani kilo 20, na kichwani amevaa nywele za bandia. Muhammad Ali alikuwa na miaka 27, umri ambao bondia wa uzito huo ndipo anapokomaa, lakini hakuwa na leseni. Alikuwa amekataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, na tangu Aprili 1967 mkanda wake ulikuwa umechukuliwa. Wakacheza raundi fupi za dakika moja moja, zipatazo 70 kwa jumla. Miisho kadhaa ilirekodiwa, na hakuna kati ya mabondia hao aliyeambiwa ni upi utakaotumika.

Aliyepanga jambo hilo ni Murry Woroner, mtayarishaji wa vipindi vya redio. Miaka miwili nyuma alikuwa ameendesha mashindano ya mabingwa 16 wa zama zote kwa kutumia kompyuta. Katika mashindano hayo Ali alitolewa na Jim Jeffries, aliyekuwa bingwa kuanzia 1899 hadi 1905, na fainali ikawa ya Marciano kumwangusha Jack Dempsey. Ali alikasirika, akafungua kesi ya kuchafuliwa jina na kudai dola milioni 1. Suluhu ya kesi hiyo ndiyo iliyozaa filamu. Januari 20, 1970 watu walijaa katika kumbi za sinema wakaona Marciano akishinda kwa KO katika raundi ya 13. Marciano mwenyewe hakuwahi kuiona. Alikuwa amefariki Agosti 31, 1969 katika ajali ya ndege huko Iowa, siku moja kabla ya kutimiza miaka 46.

Kompyuta ile haikujua ngumi. Ilijua maoni ya watu, yakageuzwa kuwa namba, na namba zile zikarudi kwetu zikiwa na heshima ya mashine. Linaloniuma zaidi ni kwamba wakati watazamaji wakibishana juu ya pambano lisilowezekana, lililowezekana lilikuwa likipotea mbele ya macho yao. Ali wa miaka 26, 27 na sehemu kubwa ya 25 na 28 hatumjui. Hakupigana na mtu tangu Machi 1967 hadi Oktoba 1970. Miguu iliyorudi ulingoni haikuwa tena ile iliyoondoka.

Jioni hii nataka kusema jambo moja. Swali la nani angempiga nani ni swali zuri, tena ni la haki kabisa, ila tunaliuliza vibaya. Tunamchukua bingwa peke yake, tunamvua zama zake, kisha tunamsimamisha mbele ya mwingine tuliyemvua vivyo hivyo. Bingwa hasafiri peke yake. Anasafiri na idadi ya raundi zake, sheria zake, uzito wa glovu zake, refa wake, na wale wapinzani waliomfundisha kazi kwa kumuumiza. Ukitaka kumpeleka zama nyingine, sema unampeleka na nini na unamwachisha nini.

Tuanze na raundi, maana hapa ushahidi uko wazi. Septemba 23, 1952, mjini Philadelphia, Marciano alimkabili bingwa Jersey Joe Walcott, mzee wa miaka 38. Katika raundi ya kwanza Walcott alimwangusha kwa ngumi ya mzunguko ya mkono wa kushoto, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Marciano kugusa sakafu katika maisha yake ya ngumi za kulipwa. Raundi zikaenda, na hadi ya 12 ilipokwisha Walcott alikuwa mbele kwenye karatasi za majaji wote watatu. Kengele ya 13 ikalia. Walcott akarudi nyuma hadi kwenye kamba, wote wawili wakaachia ngumi ya kulia kwa wakati mmoja, na ya Marciano, iliyosafiri njia fupi zaidi, ikafika kwanza. Walcott akateleza taratibu kwenda chini, mkono mmoja ukiwa umenasa kwenye kamba, na kichwa kikatangulia sakafuni. Bingwa mpya.

Sasa chukua pambano hilohilo ulilete leo, ambapo ubingwa ni raundi 12. Majaji wanasoma karatasi, Walcott anabaki na mkanda, na ile rekodi ya 49 bila kushindwa, yenye KO 43, ambayo watu huitaja kama aya, haipo. Hakuna kilichobadilika katika misuli ya Marciano. Kilichobadilika ni kengele.

Na si yeye tu. Joe Louis alishika ubingwa tangu Juni 1937 hadi alipostaafu Machi 1949, akautetea mara 25, na mpaka leo hakuna wa uzito wa juu aliyemfikia. Lakini Juni 18, 1941, katika uwanja wa Polo Grounds mjini New York, alikutana na Billy Conn, kijana mwepesi aliyetoka uzito wa chini yake. Hadi mwisho wa raundi ya 12 Conn alikuwa mbele kwa majaji wawili na sare kwa wa tatu. Kama angeendelea kukimbia na kugusa kwa dakika tisa zilizobaki angekuwa bingwa. Katika ya 13 akaamua kusimama apigane. Louis akamlaza zikiwa zimesalia sekunde mbili raundi iishe. Kwa sheria za leo, Louis asingetoka na mkanda usiku ule.

Raundi zilipunguzwa kwa sababu ya msiba. Novemba 1982 bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alipigwa na Ray Mancini katika raundi ya 14 mjini Las Vegas, na siku chache baadaye akafariki. Vyama vya ngumi vikaanza kushuka hadi 12, kimoja baada ya kingine, na kufikia mwisho wa muongo huo ubingwa wa raundi 15 ulikuwa umekwisha. Siwalaumu waliokata. Ninachosema ni kwamba bondia wa raundi 15 na bondia wa raundi 12 hawaandai mwili kwa namna moja. Wa kwanza anajifunza kupumzika akiwa anapigana. Wa pili anaweza kubeba kilo nyingi zaidi na kutumia nguvu mapema. Ukimwita Marciano apambane na Lennox Lewis, swali la kwanza la kumuuliza aliyeandaa ni raundi ngapi.

Sheria nyingine nazo zina uzito. Julai 4, 1919, mjini Toledo, Dempsey alimwangusha Jess Willard mara saba katika raundi ya kwanza. Dempsey alikuwa na kilo 85 hivi, Willard 111. Tazama filamu yake: kila Willard anapojaribu kuinuka, Dempsey amesimama juu yake, hatua moja tu, anangoja magoti yaondoke sakafuni ili ampige tena. Wakati ule iliruhusiwa. Miaka minane baadaye, Chicago, sheria ilimtaka aende kwenye kona ya mbali kabla refa hajaanza kuhesabu; Dempsey akachelewa kwenda, Gene Tunney akapata sekunde za ziada akiwa chini, akainuka, akashinda kwa pointi. Mtu yule yule, mazoea yale yale, lakini kilichompa ubingwa Toledo ndicho kilichomponza Chicago. Anayetaka kumpambanisha Dempsey na Mike Tyson aseme kwanza ni Dempsey wa sheria ipi.

Kuhusu Dempsey kuna jambo lingine, na hili nalisema kwa uchungu. Kabla ya kumtafutia mpinzani wa mwaka 1988, tujiulize kwa nini hakupambana na Harry Wills wa mwaka 1922. Wills alikuwa mpinzani wake halali kwa miaka mingi, na alikuwa mtu mweusi. Pambano lilizungumzwa, hata mkataba ukatiwa saini mwaka 1925, lakini kengele haikulia. Tangu Jack Johnson apoteze ubingwa Havana mwaka 1915 hadi Louis aliposhinda mwaka 1937, hakuna mtu mweusi aliyeruhusiwa hata kuupigania ubingwa wa uzito wa juu. Miaka 22. Johnson mwenyewe alimpiga Sam Langford mwaka 1906, na alipokuwa bingwa hakumpa nafasi ya pili. Kwa hiyo orodha za mabingwa wa zama zile, ambazo tunazisoma kama orodha za wakali kuliko wote, zina mashimo. Langford na Wills wamo ndani ya mashimo hayo, na mchezo wa zama kwa zama ukichezwa kwa mikanda peke yake unawafukia mara ya pili.

Wapo wanaosema hatuna haja ya kubuni, kwa sababu zama zimewahi kukutana kweli ulingoni. Ni kweli zimekutana, na karibu kila mara zimekutana kwa namna ya kusikitisha. Jeffries alipumzika karibu miaka sita, akanenepa, kisha wazungu wa Marekani wakamsihi arudi ampokonye Johnson ubingwa. Ilimbidi apunguze zaidi ya kilo 40. Julai 4, 1910, mjini Reno, Johnson alimpiga hadi raundi ya 15, na usiku ule watu weusi waliuawa katika miji kadhaa kwa kosa la kushangilia, wengine hata bila kushangilia. Oktoba 1951 Louis wa miaka 37 alitolewa nje ya kamba na Marciano katika raundi ya nane. Oktoba 2, 1980, huko Las Vegas, Ali wa miaka 38, aliyekuwa amepewa dawa za tezi zilizomnyonya nguvu, alisimamishwa na Larry Holmes, kijana aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi. Kona yake ilisimamisha baada ya raundi ya 10. Na Januari 1988 Holmes naye, akiwa na miaka 38, akaangushwa na Tyson katika raundi ya nne.

Hayo si mapambano ya zama. Ni vijana waliokutana na wazee. Anayesema Tyson angempiga Holmes wa mwaka 1980 kwa sababu alimpiga Holmes wa mwaka 1988 amehesabu miaka minane kuwa si kitu.

George Foreman ndiye anayenisumbua, kwa sababu yeye anavunja utaratibu wote. Oktoba 30, 1974, kabla ya alfajiri mjini Kinshasa, Foreman wa miaka 25, aliyeshinda mapambano 40 kati ya 40, alipiga ngumi hadi mikono ikamwisha, na Ali akamlaza katika raundi ya nane. Akastaafu mwaka 1977, akahubiri Injili miaka 10, akarudi akiwa mnene. Novemba 5, 1994, akiwa na miaka 45, akavaa bukta nyekundu ya Kinshasa, akapanda na Michael Moorer wa miaka 26, ambaye usiku wa Kinshasa alikuwa hajatimiza miaka saba. Moorer aliongoza kwa pointi raundi tisa. Katika ya 10 ngumi moja fupi ya kulia ikamkuta kidevuni, akalala chali. Aliyekuwa kwenye kona ya Foreman ni Angelo Dundee, yule yule aliyekuwa kwenye kona ya Ali kule Kinshasa.

Watu husema hilo linathibitisha kwamba mabondia wa zamani walikuwa bora. Mimi naona linathibitisha kitu kingine. Foreman wa miaka 45 alikuwa mzito na mwenye miguu mizito, lakini alijua kupumua, kungoja, kupokea. Mwaka 1991 alikwenda raundi zote 12 na Evander Holyfield, jambo ambalo yule kijana wa Kinshasa, aliyechoka katika ya nane, huenda asingeliweza. Kwa hiyo hata jina moja ni mabondia wawili. Ndiyo maana nasisitiza: usiseme Foreman, sema Foreman wa tarehe fulani.

Foreman huyohuyo anatupa pia somo gumu kuliko yote katika mjadala huu. Machi 1971 Joe Frazier alimpiga Ali kwa pointi, akamwangusha katika raundi ya 15. Machi 1973 Ken Norton alimpiga Ali na kumvunja taya. Foreman akamwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili mjini Kingston, kisha akammaliza Norton katika raundi ya pili mjini Caracas. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema Ali amekwisha, na walisema. Ali akampiga Foreman. Hao wote ni watu wa zama moja, sheria moja, glovu zilezile, na bado hesabu haikukubali. Kama A kumpiga B na B kumpiga C hakutuambii lolote la uhakika juu ya A na C ndani ya miaka minne, kutatuambia nini ndani ya miaka 60? Mtindo ndio unaoamua. Frazier alikuja mbele ameinama, kichwa kikielekea pale ngumi ya chini ya Foreman inapoanzia safari yake. Ali alikuwa mrefu, mikono mirefu, anaegemea kamba, anakumbatia shingo ya mpinzani na kumvuta chini hadi nguvu zimwishe.

Kuhusu ukubwa wa miili nitasema kidogo, maana wengine huufanya ndio hoja yote. Marciano alikuwa na urefu wa sentimita 179 hivi na kilo 85; leo angepangwa uzito wa kruza, daraja ambalo kwa zama zake halikuwepo. Tyson Fury ana sentimita 206. Lakini Mei 18, 2024, mjini Riyadh, Oleksandr Usyk, aliyetoka hukohuko kruza, alipima kilo 101, akampiga Fury wa kilo 119 na kukusanya mikanda yote. Mdogo hushinda akiwa na miguu na jicho. Marciano hakuwa na miguu ya Usyk, na mkono wake ulikuwa mfupi hata kwa zama zake. Mbele ya Lennox Lewis wa mwaka 1997 sioni angeingilia wapi, hata ukimpa raundi zake 15. Nampenda sana Marciano, na nasema hivyo.

Mmenialika nitoe hukumu pia, si kukosoa tu. Nitatoa mbili.

Louis wa Juni 1938, yule aliyemmaliza Max Schmeling kwa sekunde 124, dhidi ya Ali wa Novemba 14, 1966, aliyemlaza Cleveland Williams huko Houston katika raundi ya tatu. Raundi 15, glovu za 1966. Louis mwenyewe aliandika katika jarida la The Ring mwaka 1967 jinsi ambavyo angempiga kijana huyu, na mikono ile ilijua kumaliza kazi kwa ngumi fupi kuliko mikono yoyote ya uzito wa juu. Lakini Louis alikuwa na tabia moja: akishapiga ngumi nyoofu ya kushoto, mkono huo ulirudi chini badala ya kurudi begani. Schmeling aliiona mwaka 1936, akaitumia ngumi yake ya kulia usiku kucha hadi ya 12. Louis aliirekebisha, ila hakuwahi kuwa mwepesi wa miguu. Conn alimsumbua akiwa na kilo zisizofika 80. Ali wa Houston alikuwa na kilo 96, mikono mirefu zaidi, na hakuwa na tamaa ya Conn ya kusimama apigane. Nampa Ali kwa pointi, pambano likiwa karibu kuliko mashabiki wake wanavyodhani, na Louis akimtikisa angalau mara moja.

Ali huyohuyo dhidi ya Tyson wa Juni 27, 1988, usiku aliomwondoa Michael Spinks kwa sekunde 91. Hapa hofu yangu kwa Ali ni raundi nne za mwanzo. Ali alishika mikono chini na kukwepa kwa kurudisha kichwa nyuma moja kwa moja, na dawa ya kosa hilo ni ngumi ya mzunguko ya kushoto. Henry Cooper alimwangusha kwa hiyo katika uwanja wa Wembley mwaka 1963, kengele ikamwokoa. Frazier akamwangusha kwa hiyo mwaka 1971. Tyson aliipiga kwa kasi kuliko wote wawili, akitokea chini, kutoka upande usiotazamiwa. Ninaamini Ali angeanguka, pengine katika raundi ya tatu.

Ila mara zote mbili Ali aliinuka, na swali ni Tyson angefanya nini baada ya hapo. James Smith alimkumbatia Tyson kwa raundi 12 mwaka 1987 bila kulazwa. Tony Tucker, mrefu mwenye ngumi nyoofu, naye alimaliza 12. Buster Douglas, akiwa na urefu wa sentimita 193, aliangushwa Tokyo mwaka 1990 katika ya nane, akainuka, na katika ya 10 Tyson ndiye aliyekuwa sakafuni akitafuta kizuia meno chake. Tyson wa 1988 alikuwa bora kuliko wa Tokyo, sina shaka. Lakini Ali wa Houston alikuwa na ngumi nyoofu ya Douglas ikiwa mara mbili ya kasi, ujuzi wa kukumbatia kuliko Smith, na miguu ambayo hakuna mpinzani wa Tyson aliyekuwa nayo. Kuanzia raundi ya tano Tyson angekuwa anafuata mahali ambapo Ali alikuwepo. Refa angesimamisha katika ya 11, Tyson akiwa bado amesimama, jicho la kushoto limefunga.

Na kama ulingoni angekuwa Foreman wa Kingston badala ya Ali, Tyson asingefika raundi ya nne.